Vipande vya Kumnyamazisha Mjumbe

Mama yangu ni mjumbe wa nyumba kumi. Kwa hiyo neno "mjumbe" likitamkwa popote karibu naye, hata kama ni redioni, hutega sikio kama aliyeitwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka juzi, mwishoni mwa kiangazi, shemeji yangu alipokuwa barazani kwetu akieleza kwamba ndani ya jani la kiazi kuna mjumbe, na kwamba kuna vitu vidogo mno ambavyo kazi yake ni kumnyamazisha huyo mjumbe. Mama alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Amefanya nini?" akauliza.

Lakini nianze na marando, maana bila marando shemeji asingemfikia mjumbe.

Tunakaa Kanyenye, hapa Tabora mjini. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani iko barazani, bafu liko uani, kitanda kiko katikati, na dunia yangu inaishia hapo. Watu wa kabila langu walisifika kwa miguu. Walibeba mizigo mabegani kutoka huku mpaka pwani, miezi na miezi, wakarudi, wakapumzika kidogo, wakaenda tena. Na kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume. Mimi nikitumwa dukani kununua zipu narudi nimechoka, naomba maji ya kunywa. Mke wangu husema babu zangu walizimaliza safari zote, hawakunibakizia hata moja.

Katika kilimo mchango wangu ni kuoga. Maji ya bafu letu hutoka kwa kijitaro na kulowesha kipande cha ardhi kama mikeka miwili hivi, na hapo ndipo Mama alipotunza marando yake ya viazi vitamu toka mvua zinapokata hadi zinaporudi. Mbegu ya kiazi si punje, huwezi kuitia kwenye gunia ukaifunga ukaisahau. Ni mmea unaotambaa, na lazima uwe hai siku zote za mwaka. Ukiteleza kiangazi kimoja, mbegu imekwenda. Ndiyo maana nikiahirisha kuoga Mama husikitika kwa ajili ya viazi, si kwa ajili yangu.

Na hii haikuwa mbegu ya kuokota. Alipewa na mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, wiki ile aliyoolewa. Viazi vyake vina ganda jekundu, ndani vyeupe, na vikiiva ni vikavu kama kiini cha yai lililochemshwa likasahauliwa jikoni. Ukivichemsha, ukavikata, ukavianika viwe matobolwa, havigeuki vyeusi, na mwezi wa pili, wakati maghala yanapigwa ufagio, unavitafuna na chai huku ukimshukuru marehemu bibi. Majirani wamehamia mbegu mpya, zile za njano ambazo wauguzi wanazisifia kwa watoto, nazo ni nzuri, sikatai. Ila waliokuwa na mbegu ya Mama waliipoteza mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwaka huo ilikuwa imebaki mahali pawili tu: nyuma ya bafu letu, na mashina machache kando ya kisima, kwenye shamba alilotuachia Baba, nje ya mji, ukishika njia ya Urambo.

Mwezi wa kumi majani ya nyuma ya bafu yakaanza kujikunja. Yakawa membamba kama kamba za viatu, njano pembeni, na mmea mzima ukadumaa. Mama hakushtuka. Alisema mbegu yake huugua na kujiponya. Ameona hivyo mara nyingi. Madoa huingia kwenye majani ya chini, zinapita wiki chache, majani mapya yanatoka safi kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini safari hii majani mapya yalitoka mabaya kuliko ya kwanza. Afisa ugani wa kata alipita, akayatazama akiwa amesimama mbali kidogo, kama mtu anayetazama jeraha la mwenzake, akasema kwa adabu kwamba dawa ni kung'oa yote na kuchoma kabla ya mvua. Mama akamkaribisha chai. Habari ya kuchoma hakuijibu.

Yeye alikuwa na mpango wake. Mvua ya kwanza ikinyesha atachagua marando yenye nafuu, atayapeleka kisimani yakaungane na ndugu zao, kule ambako udongo ni mzuri, na huko yatapata nguvu.

Sasa niseme jambo ambalo wakati huo nilikuwa silisemi. Mwezi wa sita mkulima mmoja wa tumbaku, ambaye nilimshonea suti ya harusi ya mwanawe, aliniletea zawadi ya furushi la marando ya mbegu mpya. Mama ana sheria moja kuhusu marando mageni, na sheria hiyo ina umri kunizidi: hayalali pamoja na ya nyumbani. Yanapandwa peke yake, mbali, yanatazamwa msimu mzima, kisha ndiyo yanakaribishwa. Nilipaswa kuyapeleka shamba. Baiskeli haikuwa na upepo. Pampu ilikuwa kwa jirani, na jirani ni mtu wa maneno mengi. Nikaona niyachomeke nyuma ya bafu, kwenye kona iliyojificha nyuma ya pipa, kwa muda tu. Yakashika. Yakatambaa, yakajichanganya na wenyeji, na mimi nikayasahau, kwa ule usahaulifu wa mtu anayekumbuka vizuri.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafanya kazi kwenye maabara ya mimea, mkoa mwingine, na kila mwaka hutupa wiki moja ya likizo yake. Kwetu shemeji ni mtani, na utani huo ameusomea. Ananiita "mume wangu wa akiba", nami humwita "mke niliyeponea". Siku aliyofika alimpigia Mama magoti, shikamoo, marahaba, za safari, nzuri, kisha akanigeukia akanitazama toka juu hadi chini.

"Mwaka jana nilikuacha umekaa hapo," akasema. "Shemeji, uliwahi kunyanyuka hapa katikati?"

Nikamwambia nilinyanyuka mara moja, nikaona hakuna la maana huko juu.

Mama hakumpa hata nafasi ya kumaliza chai. Alimpeleka nyuma ya bafu. Shemeji alirudi na jani mkononi, akakaa kwenye benchi langu, miguu juu ya vipande vya vitambaa vilivyojaa sakafuni, na uso wake haukuwa tena wa utani. Ndipo alipoanza kueleza, na ndipo alipomtaja mjumbe.

Alisema kila chembe ya kiumbe hai ina kitabu kikubwa kisichotoka chumbani mwake. Kikitakiwa kitu cha kutengenezwa, hunakiliwa ukurasa mmoja kwenye uzi mfupi, na uzi huo ndio unaopeleka habari kwa mafundi wa protini. Wataalamu huuita RNA mjumbe. Hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia kidato cha tatu. Nilipata D ya bailojia, na hata hiyo D mwalimu aliiandika kwa huruma.

Ndipo Mama akaweka ungo chini na kuuliza mjumbe amekosa nini hata anyamazishwe.

"Hajakosa, mama," shemeji akasema. "Mara nyingine ujumbe wake umepitwa na wakati. Mara nyingine si mjumbe wa pale. Ni wa kirusi, amekuja na maneno ya kwao, anataka mafundi wamsikilize."

"Mjumbe wa uongo."

"Ndiye huyo."

"Huyo anyamazishwe," Mama akasema, na kuuchukua tena ungo wake.

Shemeji akainama, akaokota vipande viwili vitatu vya kitenge kutoka sakafuni. Akasema ndani ya chembe kuna nyuzi fupi nyingi za RNA ambazo hazina maagizo ya protini yoyote. Ukizisoma hazisemi chochote. Kwa miaka mingi wataalamu waliziona zile fupi kabisa wakadhani ni takataka za kazi, kama hivi ninavyofagia mimi jioni, wakazifagia nao. Kumbe ndizo zinazoendesha nyumba. Nyingine ni wabebaji. Zinabeba mawe ya kujengea protini, jiwe moja kila safari, zinayafikisha, zinatua, zinarudi kuchukua jingine, maisha yao yote.

"Hao ni Wanyamwezi," nikasema.

"Hao ni Wanyamwezi kweli," akasema shemeji. "Wewe ndiye sijui ni wa wapi."

Nyingine, akaendelea, hufanya kazi ninayoifanya mimi ya kutoa nyuzi za kushikizia. Nakala inapotoka kitabuni huwa na sehemu zisizohitajika. Hizo husaidia kuzikata na kuunga zinazobaki, ili ujumbe usomeke. Halafu kuna zile fupi kuliko zote, zenye urefu wa herufi ishirini na moja hivi. Kirusi kinapoingia kwenye jani na kuanza kujinakili, uzi wake huwa wa mara mbili, umelaliana. Jani lina mkasi wake ambao haujui kazi nyingine: ukiona uzi uliolaliana kwa namna hiyo, unaukata vipande vilivyo sawasawa. Kila kipande kinachukuliwa na kitu kama mtumishi, ambaye anakishika na kuzunguka nacho, anakipima kwa kila mjumbe anayekutana naye. Wale wasiofanana nacho anawaacha wapite. Anayelingana nacho, herufi kwa herufi, anakatwa hapo hapo.

Nilisimamisha cherehani. Sikusimamisha kwa adabu, nilisimamisha kwa sababu kazi hiyo naijua.

Hapa kwetu mama akitaka bitana ya kufanana na gauni lake hamtajii muuza duka rangi, kwa kuwa kijani ni nyingi kama watu. Anakata kipande kidogo kwenye pindo, anampa mtu, na mtu huyo anakwenda duka kwa duka akikilaza juu ya kila jora. Kinaonekana, anahama. Kinaonekana, anahama. Mpaka anapofika kwenye jora ambalo kipande kikilazwa hakionekani tena, kimepotea ndani ya kitambaa. Hilo ndilo. Nimewatuma watu hivyo maisha yangu yote, na muda wote huo nilidhani ni ujanja wa washonaji.

Nikatazama lile jani mapajani mwa shemeji. Jani moja, lililojikunja, la nyuma ya bafu. Ndani yake, wakati sisi tunakunywa chai, walikuwa wakizunguka watumishi wa kipande wasio na idadi, jora kwa jora, bila aliyewatuma, bila duka kufungwa. Kisha nikatazama sakafu yangu. Miaka ishirini nafagia.

Shemeji aliona nimeshangaa, na mtani hamwachi mtu ashangae kwa raha. Akasema vitu hivyo vimo hata ndani yangu. Kila chembe ya mwili wangu ina kitabu kizima, cha kidole na cha ini na cha jicho, na katika kidole changu kuna vipande vinavyosaidia kuzinyamazisha kurasa zisizo za kidole.

"Bila vipande hivyo, shemeji, ungekuwa ini tupu."

"Na wewe ungekuwa mdomo tupu."

"Huyo tayari," mke wangu akasema kutoka ndani.

Lakini Mama hakucheka. Alikuwa bado yuko kwenye mkasi na vipande. Akauliza kama hiyo ndiyo sababu mbegu yake hujiponya, na shemeji akamgeukia, kama mtu aliyeulizwa na mkubwa swali alilotaka aulizwe.

"Ndiyo sababu, mama. Kirusi kimo humo miaka yote, na vipande vinakituliza. Sisi tumekitafuta kwa mashine. Wewe umekiona kwa macho."

"Mimi niliona tu kwamba yanapona," Mama akasema. "Sikujua kama kuna wanaofanya kazi."

Kisha ikaja habari mbaya. Shemeji akasema kuna kirusi cha pili. Peke yake hakina makali sana, ila huja na mkasi wake mwenyewe, na mkasi huo haukati jani wala mjumbe. Unavikata vile vipande. Unavikata tena mpaka vinakuwa vidogo kiasi cha kutofanana na chochote. Hapo pia nilielewa kuliko nilivyotaka. Ukimpelekea muuza duka kipande cha ukubwa wa ukucha atakwambia kinafanana na majora yote. Basi kirusi cha kwanza, kilichokuwa kimekaa kimya miaka arobaini, kinainuka, kinazaana, na majani yanakuwa hivi. Na tatizo jingine, akasema, ni kwamba rando laweza kuonekana zima, kumbe cha pili kimeshaingia. Ukilipanda kati ya mazima, umeyamaliza.

Mama akauliza huyo wa pili huingilia wapi. Shemeji akajibu kwamba mara nyingi huja na marando ya kutoka kwingine. Baada ya hapo wadudu weupe wadogo wanakisambaza shina kwa shina.

"Kuna marando mageni yaliyoingia hapa, mama?"

"Hapa? Kwangu?" Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza mchana ule. Akasema sheria yake inajulikana mpaka kwa mbuzi. Hakuna mgeni aliyeingia, kwa hiyo si huyo wa pili. Ni jua tu, na uzee wa kiangazi. Vipande vitafanya kazi yake kama siku zote, na mvua ikija marando yatakwenda kisimani.

Shemeji akasema kwa macho tu hawezi kubishana naye. Atachukua majani akayapime huko kazini, ila majibu yatachukua wiki kadhaa. Wote watatu tukatazama upande wa mashariki, ambako mawingu yalikuwa yameanza kulala, nayo hayakuwa na nia ya kungoja wiki kadhaa.

Mimi nikakanyaga cherehani. Baadaye niligundua nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Mvua ilinyesha siku mbili baadaye, mchana, mvua ya kwanza ile inayotoa harufu ardhini. Asubuhi iliyofuata nilitoka na taulo begani na sabuni mkononi, nikamkuta Mama ameshainama nyuma ya bafu, kisu mkono mmoja, kiroba mkono mwingine. Alikuwa anachagua. Anainua rando, analigeuza, analiacha. Anainua jingine, analikata. Alikuwa anachagua yaliyo na afya, na yenye afya kuliko yote yalikuwa yale ya kona, nyuma ya pipa.

Nilisimama pale. Nilifikiri juu ya kisima, na yale mashina machache ya mwisho, yaliyokuwa bado na vipande vyake. Nitakuwa mkweli: kwanza nilifikiri labda mtu mwingine atasema. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mayu, hayo usiyapeleke."

"Kwa nini?"

"Kuna mageni humo. Niliyaleta mimi. Mwezi wa sita."

Hakuinuka mara moja. Alibaki ameinama, akilitazama rando lililokuwa mkononi mwake, akaligeuza, akalitazama shina lake, akaona alichokuwa hajakiangalia.

Mtu asiyeishi huku hajui uzito wa jibu lake. Mgeni akilala kwako, hata awe mjomba, unapaswa kwenda kumwandikisha kwa mjumbe. Mama ana daftari la kazi hiyo na halina mzaha. Mke wangu mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa, aliandikwa humo kama mgeni.

"Mgeni analala kwa mjumbe miezi mitano," akasema taratibu, "na mjumbe hana habari."

Nikamwambia baiskeli haikuwa na upepo. Ilisikika kama unavyoisikia wewe.

Ningependa angenigombeza. Badala yake alikipindua kiroba, marando yakamwagika chini, akamwita shemeji kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Njoo umwone mjumbe wako wa uongo. Huyu hapa, ameshika sabuni."

Siku ile niling'oa yote peke yangu. Majirani waliochungulia wakaniona na jembe walimuuliza mke wangu kama nimeokoka. Mama alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, hakusaidia wala hakuondoka. Nilivyosogea, kile kijani cha miaka yote ya maisha yangu kikawa tope la sabuni. Nilipofika shina la mwisho alinyanyuka, akanisogeza kwa mkono, akaling'oa mwenyewe, akatikisa udongo ubaki nyumbani. Kisha tukachoma.

Kisimani tulikwenda kesho yake kwa miguu, watatu, kwa sababu Mama alisema mambo mengine hayaendewi kwa bodaboda. Sitaeleza safari hiyo. Shemeji anaieleza vizuri zaidi kila anapokuja, na kila mwaka naanguka mahali papya. Niseme tu kwamba sehemu kubwa ya njia nilikuwa naomba, na sikuwa naombea miguu yangu.

Mashina yalikuwepo. Lakini majani ya chini yalikuwa na madoa, miviringo ya zambarau kama alama za vikombe kwenye meza. Mama alisimama ghafla hata nikamgonga. Nilijua moja kwa moja kwamba mageni yangu yamefika mpaka huku, sijui kwa miguu ya nani.

Shemeji alipiga magoti kwenye tope, kwa sketi yake nzuri, akaanza kusoma rando moja kutoka chini kwenda juu. Jani la kwanza, madoa. La pili, madoa. La tatu, madoa upande mmoja tu. La nne, safi. La tano, safi. Kikonyo cha juu, kile kinachofunguka sasa hivi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Akaenda rando jingine, akasoma. Akaenda jingine. Kisha akarudi kwenye lile la kwanza, akaweka kidole kwenye shina, kati ya jani la tatu na la nne.

Akasema hapo ndipo ugonjwa ulipokomea. Hiki ni kirusi cha kwanza, kile cha zamani, na kinashindwa. Mapigano yalikuwa chini. Ila vipande vilivyokatwa huko havikubaki huko. Viliingia kwenye utomvu wa shina, vikapanda, vikakitangulia kirusi. Vikafika kwenye majani ambayo yalikuwa hayajazaliwa.

"Hili," akasema, akiligusa lile la juu kwa ncha ya kidole, "halijawahi kuuona ugonjwa. Lakini limezaliwa na kipande chake mkononi."

Niliinama nikaona kidole chake, na kwenye kile kidole nikaona shina la kijani, jembamba kuliko penseli, linavuja utomvu kidogo mahali lilipokwaruzwa, na nikajua kwamba humo ndani unapita msafara. Wasafiri wadogo kiasi kwamba neno "kidogo" ni kubwa kwao, hawana chakula cha njiani wala kiongozi, kila mmoja amebeba herufi ishirini na moja tu, habari ya adui mmoja, anaipeleka kwa watu asiowajua ambao bado hawajakuwapo. Nami nilikuwa nimedhani mmea umekaa tu mahali pamoja, kama mimi.

Mama aliuliza kama ana uhakika.

"Siwezi kukuapia, mama. Nimeona kwa macho tu. Majani yatapimwa."

"Basi kata juu ya kidole chako," Mama akasema, "usikate chini." Kisha akabadili mawazo, akachukua kisu akakata mwenyewe, ncha moja moja, kila moja juu ya mahali pale, na alipomaliza alikuwa na kifungu kisichojaza kiganja.

Tulizipanda kwenye tuta jipya, upande wa pili wa shamba, na juu yake tukaweka fito zilizopindwa na kufunika kwa chandarua, wale wadudu weupe wasipite. Chandarua kilikuwa na matundu. Nilikaa pale shambani na sindano nikashona kila tundu, juani, na wapita njia wakauliza kama viazi vya kwetu vimeanza kuugua malaria. Toka siku ile ikawa mimi ndiye wa kwenda kukitazama kila wiki.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu, mwezi uliofuata. Jani la nyuma ya bafu lilikuwa na vyote viwili. La kisimani lilikuwa na kile kimoja tu. Shemeji aliyasema hayo haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha, halafu akaniomba nimpe simu Mama, akaanza upya, polepole.

Hata hivyo Mama hakuamini mpaka mwezi wa nne. Hakuamini maabara wala majani, ingawa yalikuwa yamejaa chandarua kizima, mapana na safi. Alisema jani si kiazi. Asubuhi moja tulifunua pembe ya chandarua, akapiga magoti pembeni ya tuta, akauingiza mkono kwenye udongo mpaka kwenye kiwiko, akipapasa bila kung'oa, macho ameyaelekeza kwingine kama mkunga. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha mkono ukatoka na kiazi kimoja, chekundu, hakijatimia, kirefu kama kidole gumba.

Akakifuta kwenye kanga. Akakwaruza ganda kwa ukucha, utomvu mweupe ukatoka ukamshika kidole. Akakivunja, akatazama ndani, akauma.

Alitafuna huku akitazama chini. Nilisikia meno yake tu.

"Ndicho," akasema.

Akanipa nusu nyingine, akarudisha udongo kwenye shimo na kulipapasa lifungike vizuri, akashusha chandarua.